Kijiwe cha kahawa nyuma ya soko, Mtwara mjini: kahawa nyota 4, mabishano nyota 5, vikombe tutaongea

Wadau mimi sio mtu wa vijiwe. Nimezaliwa Mtwara ila nimeondoka kitambo, nikija huwa nashinda kwa dada nakula ming'oko na pweza afu narudi zangu Dar. Safari hii nimekuja mwezi wa pili mwishoni, mwaka 2025, kufatilia mambo ya kiwanja, nikakaa wiki nzima bila kazi ya maana, na ndani joto lile la kabla ya mvua unalijua mwenyewe, shemeji akanambia twende kijiweni tukapunge upepo, nikaenda kwa kumridhisha tu. Nimeishia kwenda siku sita mfululizo. Kwahiyo hii sio rivyu ya mtu aliyepita mara moja akapiga picha kikombe.

Kijiwe chenyewe hakina jina wala bango. Ni mabenchi matatu ya mbao, birika kubwa la shaba juu ya jiko la mkaa, na meza ya bao ambayo kete zake nusu ni komwe nusu ni vifuniko vya soda. Kahawa mia mbili, kashata ya korosho mia mbili, ya karanga mia. Kahawa ni chungu kwelikweli, tangawizi imo ila haijazidi, sio ile ya mjini inayokuwashia koo mpaka unasahau kama unakunywa kahawa. Kashata ya korosho hiyo ndo usiikose, anapika mwenyewe, sukari imeshika vizuri haing'ang'anii menoni, na korosho hajaipigia panga ikawa vumbi, unaiona kabisa kipande na kipande. Pembeni yupo mama wa vitumbua ambaye ni biashara yake mwenyewe lakini hela unaweza kumpa yeyote kati yao watajuana.

Sasa tuje kwenye huduma yenyewe, maana kahawa Mtwara nzima ipo. Kilichonirudisha pale ni maongezi. Muuzaji ana kiredio anafungulia idhaa za kiswahili za nje, taarifa ya habari ikiisha anazima, mabishano yanaanza. Na kuna boksi amelikata kalitundika kwenye nguzo ameandika kwa makapeni: SIASA ZA NJE RUKSA, ZA HAPA MWISHO SAA 2 USIKU. Nilicheka sana, ila ukifikiria 2025 ulikuwa mwaka wa uchaguzi hapa kwetu unaona mzee wa watu ana akili, anataka kuuza kahawa na sio kutoa ushahidi.

Siku ya kwanza niliyofika ilikuwa jumatatu, Wajerumani wamepiga kura jana yake, tarehe 23 Februari. Redio inasema AfD, chama chao cha siasa kali za kulia, kimepata asilimia 20.8, cha pili nchi nzima. Mwalimu mmoja mstaafu, mkali wa kijiwe, huyo ukibishana nae unabishana na maktaba, akasema kwa sauti ya darasani: "Hawa wameletwa na korona." Basi ikawa hapohapo.

Kilichokuwa kinabishaniwa ni vile vyama vya kipopulisti, zile siasa za sisi wananchi wanyonge na wao wakubwa wanaotudanganya, madaktari wao, magazeti yao, Umoja wa Ulaya wao. Hoja ya mwalimu ni kwamba watu walifungiwa ndani, wakalazimishwa barakoa, wakaletewa chanjo, wakachukia, wakahamia huko. Mtu ukiisikia unasema ahaa imeisha. Kumbe haijaisha. Kijana mmoja anauza vocha pale, kimya muda wote, akatoa simu na bando lake mwenyewe (heshima kwake, bando sio mchezo) akaanza kusoma namba. AfD mwaka 2017 asilimia 12.6. Mwaka 2021, korona bado ipo, hasira bado zipo, wakapata 10 na kidogo. Wameshuka! Tena ile miezi ya mwanzo ya 2020 chama cha Merkel, kansela wa wakati huo, kilikuwa kinakaribia asilimia 40 kwenye kura za maoni, watu walikimbilia kwa mwenye nyumba kama watoto wakisikia radi. Mwalimu akasema kunywa kahawa kwanza upoe. Kijana akasema nimepoa mwalimu, nakuuliza kama korona ndo mama yao mbona walipozaliwa walikuwa wadogo kuliko mimba?

Kijiwe kililipuka, mpaka waliokuwa wanacheza bao wakaacha.

Hapo ndo nikajua hapa pana huduma. Maana sehemu nyingine mtu akitoa namba mjadala unakufa, hapa namba ni kama kuni. Akaingia mzee mmoja aliyewahi kuwa baharia, kashinda sana Italia anakwambia, Genoa na Napoli, na anaipenda kuitaja Bergamo kila siku ingawa ukiangalia ramani Bergamo haina bahari (nilimwambia, akaniangalia tu). Akasema nyie mnasema korona mmeiona wapi, kule Bergamo Machi 2020 malori ya jeshi yalibeba majeneza usiku kwa sababu makaburi na majiko ya kuchomea maiti yamejaa. Sasa mtu aliyeona hivyo hamchagui mpiga kelele siku ileile, anamtafuta mwenye oksijeni. Kelele zinakuja baadae. Akatoa mfano wa Meloni, yule mama wa siasa za kulia aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Italia. Chama chake 2018 kilikuwa na asilimia 4 na kidogo. Salvini, wa chama kingine cha kulia, ndo alikuwa jogoo, uchaguzi wa bunge la Ulaya 2019 alipata asilimia 34. Februari 2021 Draghi akawa waziri mkuu akaunda serikali ya pamoja, vyama karibu vyote vikubwa vikaingia mpaka Salvini mwenyewe, Meloni akakataa akabaki nje peke yake. Oktoba mwaka huohuo ikaja amri huingii kazini bila ile pasi ya kijani ya chanjo au kipimo. Sasa mwenye hasira aende wapi, wote wapo ndani ya boti moja. Septemba 2022 Meloni asilimia 26, Salvini chini ya 9. Baharia akamalizia: mvua ikinyesha aliyebaki nje ndo anayesikika anagonga mlango. Sikuelewa vizuri methali yake ila kichwani kwangu ilikaa.

Sasa hapa nitulie kidogo maana ndo ile siku nilikunywa vikombe vitano nikakosa usingizi.

Kuna njomba mmoja pale mzaliwa wa upande wa pili wa Ruvuma, Msumbiji, anauza vitenge, kireno chake safi na kimakonde chake kizito. Yeye alikuwa anacheka tu. Akaulizwa unacheka nini njomba, akasema mimi nilikuwa nasikiliza Wabrazil kwa lugha yao, nyie mmetafsiriwa. Akatuambia Machi 2020 Bolsonaro, rais wa Brazil wa wakati huo, alikaa kwenye televisheni akaiita korona gripezinha. Akaulizwa ndo nini. Akasema ni kama useme kijifua, kijimafua, kimafua cha mtoto cha kupaka vicks kikaisha. Kwa kireno ukiweka zinha mwishoni umekifanya kitu kidogo mpaka kinatia huruma. Mwezi uliofata akamfukuza waziri wake wa afya, Mandetta, aliyekuwa anasema watu wakae ndani. Akaja daktari mwingine hakumaliza hata mwezi akaondoka mwenyewe. Akawekwa jenerali wa jeshi. Na rais anatembea na dawa ya malaria anaisifia, klorokwini, sisi wenyewe tulishaiacha zamani kwa malaria yetu halisi na bado mtu wa ng'ambo anaitangaza. Brazil walikufa watu kama laki saba. Na Oktoba 2022 kijifua kikamtoa ikulu, asilimia 49.1 kwa 50.9.

Mwalimu akadakia, 49.1 sio kushindwa huko, huko ni kuteleza. Na kweli. Mimi hiyo ilinikaa. Laki saba wamekufa na nusu ya nchi kasoro kidogo bado ilisema abaki. Trump nae Novemba 2020 akatolewa, watu wakasema imeisha, Januari 2025 karudi na siku ya kwanza tu kasaini Marekani ijitoe shirika la afya duniani.

Kwa hiyo mpaka siku ya tatu kijiwe kilikuwa kimefika hapa: mpopulisti akiwa madarakani janga linamla, akiwa nje janga linamnenepesha ila sio siku hiyohiyo. Mimi nilidhani ndo mwisho wa somo. Mama wa vitumbua ndo akalipeleka mbali, na kwa kweli nyota moja kati ya zile tano ni yake peke yake.

Huyu mama hageuki hata kukuangalia, anageuza vitumbua anaongea na kikaango. Akasema nyie wanaume mnahesabu kura, mimi nawauliza, huyo kangomba anakuja lini?

Kwa msio wa kusini: kangomba ni yule mnunuzi wa kienyeji wa korosho asiye rasmi, anakuja na kibakuli chake. Serikali imempiga marufuku, korosho inatakiwa iende chama cha msingi, ikae ghalani, inadiwe, hela iingie kwenye akaunti. Lakini kangomba haji Oktoba korosho zikiwa chini. Anakuja mwezi kama huu, wa pili, wa tatu, ghala la ndani limeisha, mtoto ana homa, ada haijalipwa, anakupa elfu hamsini mkononi au mfuko wa unga kwa korosho ambayo bado haijatoa hata ua. Msimu ukifika anabeba kwa bei yake. Na kila mtu anajua anaibiwa, na kila mwaka anapata wateja.

Mama akasema hao wenu wa Ulaya ndo haohao. Hawakuja siku ya msiba, wamekuja siku ya njaa ya baada ya msiba. Na mbona hamsemi kwanini watu wanamuuzia kangomba? Kwasababu hela ya halali inachelewa na yeye ana hela leo.

Jamani. Pale kijiweni pakawa kimya mpaka unasikia mkaa.

Maana ndo ukweli wenyewe ulivyokuwa kule. Ukimtukana mpiga kura kwamba mjinga hajui sayansi unakosea nusu. Lokdauni ilikuwa rahisi kwa mwenye mshahara na chumba cha ziada na kompyuta, ilikuwa ngumu kwa mpishi, dereva, mwenye saluni. Wakubwa nao walikosea wakakaza shingo. Austria walipitisha sheria ya kulazimisha chanjo kwa watu wazima wote, ikaanza Februari 2022, Machi wakaisimamisha, Juni wakaitupa, hakuna hata mtu mmoja aliyepigwa faini. Sheria ya miezi minne imebaki kuwa mtaji wa watu. Kijana wa vocha akaongezea kwamba hukohuko Austria kilizaliwa chama kipya kabisa Februari 2021 cha kupinga masharti ya korona tu, kinaitwa MFG, miezi saba baadae kikapata asilimia 6 kwenye jimbo moja kubwa na viti vitatu. Uchaguzi mkuu wa 2024 hakikupata hata kiti bungeni. Waliovuna ni FPÖ, chama cha siku nyingi cha siasa kali za kulia, wazee wa kazi, wa kwanza nchi nzima na asilimia karibu 29 kutoka 16 za mwaka 2019. Yani kangomba mdogo kafungua njia, kangomba mkubwa kaja na lori. Romania vilevile, chama cha wazalendo wakali AUR kilianzishwa 2019, Desemba 2020 katikati ya janga kikapata asilimia 9 na watu hawakukitegemea kabisa, ila angalia na hili, waliojitokeza kupiga kura walikuwa theluthi moja tu ya nchi, wengine walikaa nyumbani kwa woga au kwa kuchoka.

Njomba wa vitenge akaleta kikwazo ambacho mpaka leo hakijajibiwa. Ureno, akasema, walichanjwa karibu wote, kazi ilisimamiwa na admirali wa jeshi la maji, watu wakapanga foleni bila vurugu, Ulaya nzima ikawasifu. Haya, na Chega, chama chao cha kipopulisti? Mwaka 2019 mbunge mmoja. Januari 2022 kumi na wawili. Machi 2024 hamsini. Huko chanjo haikuwa ugomvi. Huko ni kodi ya nyumba, rushwa, bei ya mafuta ya kula. Basi mwalimu akaanza kurudi nyuma taratibu, akasema labda korona sio mbegu, ni mvua tu, mbegu zilikuwa chini. Baharia akamwambia hiyo ndo methali yangu ya juzi mkaicheka. Sio kweli, yake ilikuwa ya mlango.

Ila mwalimu hakubali kulala chali. Kesho yake kaja na karatasi ameandika kwa mkono. Kuna mtafiti wa benki kuu ya New York mwaka 2020 alitoa kazi yake kuhusu ile homa kubwa ya mafua ya 1918: miji ya Ujerumani iliyozika watu wengi zaidi ndo ambayo miaka ya mbele halmashauri zake zilitumia hela kidogo kwa wananchi, na ndo ambayo 1932 na 1933 iliwapa kura nyingi wenye siasa kali. Mtafiti mwenyewe ana tahadhari, hasemi homa ilimleta Hitler, anasema vitu viwili hivi vinatembea pamoja. Mama wa vitumbua akapiga hesabu, 1918 mpaka 1932 miaka kumi na nne. Akasema deni hilo, sio homa. Mimi kwangu hapo ndo kesi ilifungwa, ingawa mwalimu alihesabu kama ushindi wake na tukamwachia.

Kuhusu sisi je? Swali liliulizwa, saa 2 kasorobo, muuzaji akaangalia lile boksi lake. Wakaongea haraharaka. Kwamba hapa hatukufungiwa, soko lilifunguliwa, shule zilifungwa kuanzia Machi 2020 afu zikafunguliwa, namba za wagonjwa ziliishia 509 zikanyamaza, rais Magufuli akasema sampuli za papai na mbuzi zimekutwa na korona, tukajifukiza nyungu, halafu Julai 2021 rais mpya akachanjwa hadharani. Kila mmoja ana msimamo wake na mimi wangu sitauandika hapa. Shemeji akataja ile homa ya Ruangwa hapo jirani Lindi, Julai 2022, watu wanatoka damu puani, watu 20 waliugua na 3 wakafariki, maneno mtaani yakawa ebola, uchawi, sumu. Baada ya vipimo waziri wa afya akatoka akasema ni homa ya mgunda, bakteria wa mkojo wa panya na wanyama kwenye maji na udongo, na inatibika kwa antibayotiki. Maneno yakapungua. Jina likishajulikana mganga njaa hana cha kuuza, shemeji alisema hivyo. Saa 2 ikagonga, redio ikawashwa, ikawa Zelensky.

Sasa mapungufu, maana rivyu bila mapungufu ni tangazo.

Vikombe. Vinasuuzwa kwenye ndoo moja, maji yaleyale toka magharibi, mpaka saa tatu yana rangi ya kahawa yenyewe unaweza ukayauza. Na kinachouma ni kwamba ndoo ya koki ipo! Ile ya 2020, ya bluu, ya kunawia mikono, imesimama palepale kwenye kigoda chake, koki nzima, ndani kuna mkaa. Nilimuuliza, akasema korona imeisha. Watu wamekaa siku sita wanachambua afya ya mataifa ya watu na kikombe kimoja kinazunguka midomo kumi, mimi mwenyewe nimo. Siku ya nne nikaenda na kikombe changu cha bati kutoka kwa dada, nikaitwa mzungu mpaka nimeondoka.

Mabenchi nayo, lile la upande wa mtaro lina msumari. Ukikaa utaujua.

Kelele zipo, wakati mwingine mwalimu anazidi, na kama huna bando la kumjibu utanyanyasika. Kwa wadada, sikuona wengi zaidi ya mama wa vitumbua, mmoja alikuja siku moja akapewa nafasi na akasikilizwa ila nahisi haikuwa raha kwake, hapo wajirekebishe.

Bei poa. Jioni nzima kwa elfu moja unakunywa vikombe vitatu, kashata mbili za korosho na unatoka unajua matokeo ya uchaguzi wa Austria.

Kwenda: bajaji yoyote ya soko kuu mwambie akushushe upande wa nyuma, fata moshi. Anafungua baada ya asri mpaka watu waishe. Mwezi mtukufu anasema anahamia baada ya tarawehe na vitumbua vitakuwepo toka futari. Nendeni na chenji, noti ya elfu kumi ataikataa, na kashata za korosho saa mbili unusu zimeisha, mimi mara mbili nimekula za karanga huku namuangalia baharia anamalizia ya mwisho.